Uvimbe Wenye Pua

Daktari hakukosea. Alieleza polepole, kwa upole, kwamba katika kipande walichokata kwenye titi la mama, ambacho mama mwenyewe alikuwa amekubali kitumike kwa utafiti, walikuta vipokezi vya harufu kama vile vilivyo puani mwa mtu.

"Lakini shosho, hii bado ni utafiti tu," alimwambia mama. "Tunaangalia kama hizi vitu zinaweza kutusaidia kujua kansa mapema."

Mimi nilielewa hivyo. Mama alielewa kwamba uvimbe wake una pua.

Tulirudi Ruiri. Kwetu, upande wa msituni, kila mtu anajua kwamba ndovu hufuata harufu. Ndizi zikiiva hulali nazo nyumbani. Unazila upesi au unazipeleka sokoni, la sivyo atakuja na kubomoa ukuta. Mama alikuwa amelinda boma lake namna hiyo tangu alipoolewa. Basi kulipopambazuka alitoa amri: kitunguu kisikaangwe tena.

"Kitu iko na pua inatafutanga chakula," aliniambia. "Isiposikia harufu, itarudi kwao."

"Kwao wapi, Mami?"

"Hiyo si shida yangu."

Nilicheka, naye akanitazama mpaka nikaacha. Sabuni ya manukato ikatupwa. Mke wa ndugu yangu akakatazwa mafuta yake ya mwili. Kibuyu cha maziwa, ambacho mama alizoea kukisugua ndani kwa kijinga cha moto ili maziwa yanukie moshi, kikaoshwa kwa maji matupu. Mchungaji alipokuja kumwombea akiwa amejipulizia marashi, aliwekewa kiti uani, akaombea dirishani. Waliosema ugonjwa umemlegeza mama hawakuwepo siku hiyo.

Lakini hakuwa akila. Mukimo wa viazi vya kupondwa usio na kitunguu aliuonja, akausukuma kando. Maziwa yasiyo na moshi aliyaita maji ya kuoshea. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, ila kwetu mgonjwa ndiye aliyesimama mlangoni mwa jiko, akaunusa uji wetu na kuukataa. Mabega yake yalichongoka ndani ya sweta. Daktari akatuonya: asipokula, mwili hautaweza kubeba dawa, na itabidi zisimamishwe. Nilimkasirikia mama. Nilikuwa naogopa, na hasira ilikuwa rahisi kuliko woga.

Mchana mmoja nilikuwa nikimpaka mafuta miguuni, mafuta yasiyo na harufu bila shaka, nikaona siwezi tena kunyamaza.

"Mami, hiyo kitu hainusi. Yenye walipata ni alama tu. Hata tukikaanga gunia mzima ya vitunguu, haiwezi jua."

Kuku walikuwa wakiparua nje ya dirisha.

"Unafikiria sikusikia daktari?" alisema. "Nilisikia yote. Mlininyang'anya jembe. Mkaninyang'anya kuni, mkaninyang'anya ng'ombe. Kila mtu hapa ni kuniambia, Mami kaa chini, Mami pumzika. Hii ndio kazi nilikuwa nimebaki nayo."

Nilishika mguu wa pili. Nikaendelea kumpaka mafuta.

Jioni hiyo nilikaanga kitunguu, naye akala. Kesho yake akala, na kesho kutwa yake pia, chochote tulichomwekea mkononi, bila kuuliza kimepikwaje. Alipata nguvu kidogo, dawa zikaendelea. Kisha dawa nazo zikashindwa, tukamzika karibu na baba.

Majirani bado hunisifu kwamba mimi ndiye niliyemfanya mama ale. Ni kweli. Alikula kwa utii, macho yakiwa sakafuni, na hakunipa amri nyingine mpaka alipokufa.