Kadi Iliyosomwa Saa Saba

Shangazi yangu Mwanasaumu anapika mahamri Shika Adabu, Likoni, na wateja wake wote wanamwogopa. Ukileta bakuli chafu la mbaazi, utatukanwa mpaka hata jirani yako aone haya. Watu husema amezaliwa hivyo. Waongo. Mimi najua hasira zake zilianza lini: mwaka 1986, saa saba za mchana.

Alikuwa na miaka kumi na minane. Shoga yake alikuwa Nyamvula wa Mtongwe. Walikula sahani moja, wakasukana nywele, wakaazimana leso. Mvulana aliyempenda alikuwa Garama, kijana wa Kigiriama aliyefanya vibarua Changamwe. Garama alikuwa Mkristo, na babu yangu Mwinyihaji hangekubali hata kwa dawa. Basi ikawa siri, na aliyeijua ni Nyamvula peke yake.

Miaka hiyo watu walikuwa na wazimu wa salamu za redio. Unanunua kadi dukani, unaandika majina ya unaowasalimia, unatia posta, kisha unaganda kwenye redio ukingoja mtangazaji akusome. Jina lako likitajwa, mtaa mzima unakupongeza kama uliyefunga ndoa.

Siku hiyo babu alikuwa kwa kinyozi. Redio ikasema: kadi hii yatoka kwa Nyamvula wa Mtongwe, anamsalimia Mwanasaumu binti Mwinyihaji wa Shika Adabu, pamoja na mpenzi wake Garama wa Changamwe, na ujumbe wake ni penzi lenu lidumu. Kinyozi alisimamisha wembe. Babu akaja nyumbani amenyolewa shavu moja.

Mwezi haukwisha, shangazi akaozwa kwa mzee wa Mikindani, ambaye alimpa talaka baada ya miaka minne. Garama hakuonekana tena kwetu kwa miaka mingi. Yote hayo shangazi aliyameza. Lililomkwama ni Nyamvula. Kila nilipoleta rafiki nyumbani alinivuta pembeni akaniambia, "Kikulacho ki nguoni mwako." Nilichoka kulisikia neno hilo.

Mwaka 1996 nilikuwa nimemaliza shule, namsaidia kuuza. Asubuhi moja akaja mwanamume mwenye kitambi, akaagiza mahamri, akamtazama sana.

"Hunijui, Mwanasaumu? Mimi Garama."

Akala, akacheka, akasema mke wake hajui kupika. Kisha akauliza, kwa mdomo uliojaa, "Ile kadi yangu uliisikia?"

"Kadi yako?"

"Niliiandika mimi. Nilitaka majina yetu yasomwe pamoja, watu wasikie. Nikatia jina la Nyamvula ili mzee asiseme ni mimi niliyetangaza. Ah, utoto!"

Nilitamani kummwagia mafuta ya moto. Shangazi alizima jiko unga ukiwa umeumuka tayari, akavaa buibui, akanishika mkono. Tulivuka feri, tukapanda gari hadi Miritini, ambako Nyamvula alikuwa na kibanda cha chakula cha madereva wa malori. Njia nzima alikuwa akilia, nami sikujua pa kutazama.

Tulimkuta akifuta meza. Alikuwa mwembamba, mvi zimeanza kabla ya wakati wake.

"Nyamvula," shangazi akasema, "nimejua leo. Haikuwa wewe."

"Mimi nilijua tangu zamani kwamba haikuwa mimi."

"Mbona hukuniambia, ndugu yangu?"

Nyamvula aliendelea kufuta meza ile ile, nayo ilikuwa safi.

"Garama alikiri kwangu wiki ile ile. Nikaja kwenu mara saba, hujaolewa bado. Kila mara naambiwa umelala. Mara ya saba nikasimama chini ya dirisha, nikaita. Ukanijibu kwa mdomo wako, Saumu. Ukasema, 'Mwanasaumu amelala.'"

Shangazi alikaa kwenye benchi. Akaomba radhi, akarudia, akataja mpaka makaburi ya wazee wao.

"Nimekusamehe siku nyingi," Nyamvula akasema. Nami nikamwamini, maana uso wake haukuwa na kinyongo. Haukuwa na chochote.

Kisha akatundika kitambaa begani.

"Utakula nini, mama? Kuna wali kwa maharage, kuna chapati."

Ndivyo alivyokuwa akiwauliza madereva.