Kanga Chini ya Kisanduku cha Mbayuwayu

Nilipokuwa mtoto kule Tottenham, hatukuwa na mti wa kuogopa wala pango la kupita mbio. Tulikuwa na kisanduku cha mbao chini ya paa, nje kidogo ya dirisha la chumba cha juu, na humo waliingia mbayuwayu kila mwaka baridi ilipokwisha.

Baba, aliyefanya kazi kwenye maghala huko Hayes, ndiye aliyekitengeneza. Tundu aliliziba kwa kitambaa mpaka mbayuwayu wafike, maana ukizubaa tu, shomoro wamekwishahamia na hawatoki. Chini ya kisanduku alipigilia bati laini, kwa sababu kindi wa mtaa ule walikuwa wakiupanda ukuta wa matofali bila shida. Kwenye bati waliteleza, nami nilikuwa nikiwacheka dirishani.

Mwaka ninaousimulia, Mama alikuwa mjamzito. Mimba mbili kabla ya hiyo zilikuwa zimeharibika, na nyumbani hakuna aliyethubutu kununua hata soksi za mtoto. Bibi, mama yake Baba, alikuwa amekuja kutoka Tanga kumsaidia, akalala chumba kile cha juu. Siku mbayuwayu walipoingia alitamka: "Mbayuwayu akilea salama kwako, nawe utalea salama." Mama, ambaye ni muuguzi, alicheka. Lakini tangu siku ile, kila akirudi kazini alisimama uani kwanza, koti hajalivua, akitazama juu.

Makinda wakatotolewa. Shoga yake Mama akaja kututembelea kutoka Kilburn, akawaona wakitoa vichwa, akapiga kelele: "Jamani, walivyonona!" Wala hakusema mashaallah. Bibi alinuna mpaka mgeni alipoondoka. Kisha akatoa kanga yake, akainama dirishani na kuitundika kwenye msumari wa kisanduku, akiacha tundu tu. Kanga ikaning'inia mpaka chini ya bati.

"Kitoto kichanga hufunikwa," akaniambia. "Jicho linampata hata ndege."

Baba alikuwa zamu, hakuiona. Asubuhi tukasikia vurugu. Bibi alifungua dirisha, nami nikachungulia chini ya kwapa lake. Kindi alikuwa anateremka kwenye ile kanga, kucha zimeng'ang'ania kitambaa, mdomoni ana kitu. Tundu lilikuwa limetafunwa likapanuka. Ndani hakubaki kinda hata mmoja.

Bibi aliketi kitandani. "Yarabi! Nimempa ngazi mwenyewe."

Mama akaita kutoka chini: "Kuna nini huko, Mama?"

Bibi akajifuta uso kwa mtandio. "Wameruka!" akajibu, kwa sauti ya mtu aliye harusini. "Wameruka wote, mashaallah!" Kisha akanigeukia. "Umesikia? Wameruka."

Kama kawaida yangu, nikamjibu kwa Kiingereza kwamba wamekufa.

"Hata kwa Kizungu wameruka," akasema.

Miezi iliyofuata ilimkondesha. Aliyekuwa akiamini kuliko sisi sote ndiye aliyekaa na habari ile kifuani, akimpikia Mama uji huku midomo ikitembea kwa dua. Mama akikohoa tu, Bibi anaangusha mwiko. Nilimwonea huruma, lakini mtoto wa umri ule atamwambia nini bibi yake? Mdogo wangu Idi alipozaliwa, mzima, anapiga kelele kwa hasira, Bibi alilia kuliko yeye. Akarudi Tanga, akafia huko bila kuligusia tena jambo lile.

Mwaka huu kisanduku kilioza, na Idi, ambaye sasa ana ndevu, akaja kukibadilisha. Alipokuwa juu ya ngazi, nilimsimulia Mama kisa chote jikoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, akikoroga chai yake.

"Ile kanga niliifua mimi," akasema. "Ilikuwa na damu na manyoya."

"Kumbe ulijua! Mbona hukumwambia?"

"Ningemwambia, angeona ameniulia mtoto. Na mimi niliogopa, mwanangu, pamoja na uuguzi wangu wote. Kila siku niliogopa. Lakini nilimwona anavyojitahidi, nikamwacha."

Nimelifikiria sana neno lile. Idi yupo, kwa hiyo Bibi alikosea kuhusu mbayuwayu, na nashukuru alikosea. Lakini wanawake wawili waliogopa jambo moja ndani ya nyumba moja, kila mmoja akimficha mwenziwe, na mezani wakataniana mpaka mtoto akazaliwa. Mimi niliyekaa katikati yao nilidhani nimetunza siri ya Bibi peke yake.

Mama aliinuka, akafungua dirisha.

"Idi! Bati lipigilie vizuri," akasema. "Na mtu asitundike kitu hapo."