Karukwa

Kwetu Makoko unaweza kumuibia mtu kuku ukasamehewa, lakini usipite mbele yake bila kumsalimia. Ukipita kimya, watu wataulizana kama kwenu kuna msiba au kuna kiburi. Mimi nimewahi kumwamkia mbuzi wa jirani nikidhani kuna mzee nyuma yake.

Sasa kuna muuguzi mstaafu wa mtaani kwetu. Serikali iliporuhusu tena huduma za watu binafsi, wengine walifungua maduka ya dawa, yeye akafungua chumba cha ushauri. Hakuna sindano wala vidonge. Unakaa, unasema linalokusumbua, yeye anasikiliza. Jirani mmoja akauliza, "Kwa hiyo tunalipia masikio?"

Alikuwa amekwenda kusomea mambo hayo Mwanza, akarudi na masharti. Unaingia kwa mlango wa nyuma, kupitia mihogo. Unalosema halitoki. Na mkikutana njiani hatakusalimia mpaka uanze wewe, ili watu wasijue kuwa wewe ni mteja wake.

Hilo la mwisho labda linafaa huko lilikotungwa. Kwetu huyu mama alikuwaga mama wa salamu hasa. Hasubiri shikamoo, anaanza yeye hata na watoto: mguu wa babu unaendeleaje, ndama kapona, mtihani vipi. Basi akawa anasalimia dunia nzima isipokuwa wateja wake. Kina mama wanaoanika dagaa hawakuchukua wiki kuling'amua. Likazaliwa neno: fulani karukwa, yaani salamu imemruka. Na kwa kuwa miaka hii hatumalizi mwezi bila kuzika mtu aliyekonda, kurukwa kulikuwa na maana moja tu: ule ugonjwa. Mwalimu wetu wa hesabu alirukwa, na kesho yake hakuna aliyetaka kushika chaki aliyoishika. Tulicheka sana siku hiyo, hesabu hatukufanya.

Dada yangu ndiye aliyemuuguza baba mpaka mwisho, maana mama alikuwa Bunda akiuza mitumba ili tule. Baada ya mazishi akawa halali. Unamkuta anasugua sufuria iliyokwisha kung'aa. Mama akampeleka kwa mshauri, na pole pole usingizi ukarudi. Tena alikuwa na mchumba, fundi magari wa Butiama. Mahari ilishakubaliwa, ilibaki ng'ombe kuletwa tu.

Kabla ya ng'ombe akaja shangazi wa mchumba, kumtazama mkwe. Tukaenda naye sokoni kutafuta sato. Mshauri akatokea mbele yetu na kikapu chake.

"Karibu mgeni, za utokako?" akamwambia shangazi. Akanigeukia mimi. "Na wewe mtundu, shule wamekufukuza?" Akamuuliza muuza samaki habari za mtoto wake. Dada alikuwa katikati yetu, mdomo nusu wazi. Aliniambia baadaye kwamba shikamoo ilimkwama. Aliona akiianza yeye, ndiyo atakuwa ameungama mbele ya mgeni. Mshauri akampita kama anavyopita nguzo ya umeme.

"Karukwa huyo," muuza samaki akamnong'oneza mwenzake, kwa mnong'ono wa watu wa sokoni, ambao unasikika mpaka ziwani.

"Karukwa nini?" shangazi akauliza. Akaelezwa pale pale, magamba yakiruka.

Shangazi hakungoja hata samaki afungwe. Akatuburuza mpaka kwa mshauri, kwa mlango wa mbele.

"Mama, mimi sina mengi. Niambie tu kwamba huyu binti hana ule ugonjwa."

"Sisemi nani anakuja hapa."

"Basi sema hajawahi kuja."

"Hilo nalo sisemi."

Nikaona nisaidie. "Shangazi, dada anakula ugali kama mchimba dhahabu wa Buhemba. Ugonjwa utakaa wapi?" Hakuna aliyecheka.

"Mama, mwambie," dada akasema. "Mimi mwenyewe nakuruhusu."

Mshauri akamgeukia dada. "Nikisema wewe huna, mwanangu, kesho wataniletea mwingine. Huyo nikimnyamazia, nitakuwa nimemzika."

Shangazi akakaza kanga kiunoni. "Mimi nimeshajibiwa," akasema, akatoka.

Ujumbe ulikuja kwa kondakta wa basi: ng'ombe wameshikwa na homa, tuvumilie. Tukavumilia. Kisha tukasikia ng'ombe hao hao wamepelekwa Kibara, kwa binti mwingine. Homa gani hiyo inatembea mpaka Kibara, nilimuuliza mama, naye akaniambia nikachote maji.

Jioni moja mshauri alikuja nyumbani. Mama akampa uji, hakuunywa. Dada alikuwa anachambua mchele na hakuinua kichwa.

"Nilidhani nakuficha," mshauri akasema.

"Ulinionyesha, mama. Ungenisalimia tu kama unavyowasalimia wote."

Nilikuwa na utani mmoja mzuri mdomoni, nikaumeza. Dada aliendelea kutoa mawe kwenye mchele, anayaweka pembeni moja moja.

Halafu akauliza, "Alhamisi upo?"

"Nipo."

"Nitakuja."

Maana usingizi ulikuwa umeshaondoka tena, na Makoko nzima mtu wa kumwambia ni yule yule.