Askari wa Bure

Tangu mkewe afariki, mwenye duka la dawa pale Kilwa Masoko hucheza sataranji peke yake juu ya kaunta, pande zote mbili. Agnes, anayemsaidia kuuza, amezoea kumwona akifuta kila kete kwa pindo la shati kabla ya kuipanga, akianza na zile nyeupe za marehemu. Mchezo ni uleule waliokuwa wakiucheza wawili. Katika hatua ya pili upande wa marehemu humsogeza askari mmoja aliwe bure, mume humla, na kuanzia hapo mume hushindwa. Enzi za uhai wa mkewe alimwuliza mara nyingi sababu, naye mke akawa anacheka tu. "Ni tamaa yako, bwana. Ikiisha utaona."

Alhamisi moja mkono wa mzee ulisita hewani. "Agnes, njoo uone," akasema kwa sauti ya chini. "Nikimla huyu, askari wangu anatoka katikati, uwanja wote nimemwachia yeye. Kumbe ndicho alichokitaka miaka yote." Akamwacha yule askari, akasogeza mwingine, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akatabasamu. Kisha akaugeukia upande wa mkewe. Akamshika farasi, akamrudisha.

"Sasa yeye angecheza nini?"

"Sijui, mzee."

"Hata mimi sijui. Sikuwahi kumkatalia huyo askari, kwa hiyo hakuwahi kunionyesha."

Mteja aliingia kuulizia dawa ya kikohozi, Agnes akaenda kumhudumia. Mzee hakuinua uso. Vidole vyake vilitangatanga juu ya kete nyeupe bila kushika hata moja.