Mafiga ya Bibi Udagwenga

Watu wa Bashay, najua mliliona gari la ofisi likipita. Mama yangu alikuwa uani akianika mahindi, akainua mkono, nami nikamwambia dereva aongeze mwendo. Tangu siku hiyo naulizwa kwenye simu kwa nini nilipita nyumbani kama sipajui. Basi nitaeleza safari yote, na mkinicheka au mkininunia ni haki yenu.

Mji ninaofanyia kazi sitautaja, una aibu yake ya kutosha. Nyuma ya mnada wa ng'ombe kulikuwa na watu waliojijengea vibanda vya miti na viroba. Mkubwa fulani alikuwa anakuja kututembelea, ikaamuliwa pale pasafishwe. Neno lililotumika ni hilo, kusafisha, kana kwamba tunazungumzia mfereji. Mimi ni wa ustawi wa jamii, kwa hiyo niliambiwa niwarudishe watu makwao. Bibi Udagwenga, muuza vibuyu vya maziwa, alisema kwao ni Balangdalalu. Asubuhi ya safari mgambo waling'oa kibanda chake yeye mwenyewe akiwa ndani anachemsha chai. Nilikuwepo, nimesimama pembeni na kitambulisho shingoni, na hata shikamoo sikumpa.

Tuliondoka jua likianza kuchoma. Bibi alipanda na vibuyu viwili pamoja na mafiga yake matatu yenye masizi, kayafunga kwenye shuka.

"Bibi, mawe si yako kila mahali?" dereva akamwambia, akiangalia kiti chake kikichafuka.

"Haya yanaijua sufuria yangu," akajibu.

Bashay tulipita namna ile mliyoiona. Tulipokuwa tumeshaacha nyumba za mwisho, bibi akauliza, "Kijana, kwenu ni wapi?"

"Tumeshapapita."

Akageuka kutazama nyuma. "Na mama yako hujamsalimia?"

Nikamwambia tuna haraka. Uongo mtupu. Niliogopa mama angemkaribisha mgeni uji, amuulize katoka wapi na anakwenda wapi, nami ningekuwa nimekaa papo hapo nikisikiliza. Uso umeumbwa na haya, na wangu siku hiyo ulijificha nyuma ya kioo cha gari.

Mchana tukafika Balangdalalu. Mahali alipotuelekeza palikuwa na duara la miiba iliyooza, na ndani yake mtu kalima mahindi juu ya samadi ya zamani. Mchungaji mmoja akatuambia wenye boma lile walihama siku nyingi, wako Gendabi. Mtu yeyote aliyekulia karibu na wafugaji anajua kwamba boma hufuata majani. Mimi pia najua, nimekua nikiwaona. Lakini mjini niliandika "Balangdalalu", nikaona kazi imekwisha.

Gendabi tuliingia jioni, ng'ombe wakirudi. Nilishuka nikaelekea moja kwa moja kwenye mlango wa boma. Bibi akanishika shati.

"Simama. Piga hodi."

"Bibi, si kwa mtoto wa kaka yako?"

"Ni nyumba ya mtu."

Tukasimama nje ya miiba mpaka tukaitikiwa. Akatoka Gidahoda, mzee mwenye mvi, na alipomtambua shangazi yake alimshika mikono yote miwili. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba. Tukaletewa vigoda na maziwa.

"Asante, kijana, umetuletea mtu wetu," akasema. "Huko mjini alikuwa anakaa kwa nani?"

Nikamtazama bibi. Angeweza kunimaliza kwa sentensi moja.

"Nilikuwa na nyumba yangu," akasema.

Gidahoda akafurahi. "Vizuri sana! Sasa nani anaiangalia?"

"Ipo," nikadakia. "Ipo salama kabisa."

Bibi akainamisha kichwa. Hakunikanusha. Pengine hakutaka mwenyeji wake ajue kwamba ameletwa hapo kama mzigo. Gidahoda yeye alikuwa anatazama ule mzigo wa shuka, ambapo jiwe moja lilikuwa limechomoza.

"Kwetu mwanamke hang'oi mafiga kama nyumba bado imesimama," akasema polepole. "Akufukuzaye hakuambii toka, kijana. Huyu kaletewa gari."

Nikaweka kibuyu chini. "Tuliivunja sisi," nikasema. "Nilikuwepo."

Nilitamani anitukane. Hakunitukana. Alisema kesho watamjengea, kwamba jirani yake Mwiraqw mkulima ana miti ya kutosha, na yeye mwenyewe hajawahi kupungukiwa samadi ya kukandika. Kisha akauliza, "Na wale wengine mmewapeleka wapi?" Usiku nililazwa mahali pazuri kuliko nilivyostahili.

Asubuhi bibi alinisindikiza hadi kwenye gari. "Ukifika pale kwangu, usiingie hivihivi. Piga hodi," akasema. "Hata kama hamna kitu."

Kurudi, Bashay mlikuwa kanisani. Nilipita tena, safari hii taratibu, nikauona mlango wa mama umefungwa.

Mjini nilikuta uwanja umefagiwa. Lakini pembeni, karibu na ukuta, palikuwa na turubai jipya, na mgambo wawili walikuwa wananisubiri tumalizie kazi. Wakatangulia na marungu yao. Nikawaambia wangoje.

"Hodi," nikasema. Mgambo wakacheka, na masikio yangu yakawaka moto.

Ndani ikajibu sauti ya mwanamke: "Karibu, baba. Ngoja nikutolee kiti."

Akatoa ndoo, akaigeuza, akaifuta kwa upindo wa kanga. Nikakaa. Mgambo wakabaki wamesimama, hawajui watazame wapi. Siku hiyo turubai halikung'olewa. Kesho yake walitumwa wengine, bila mimi, na sidhani kama walipiga hodi.

Hicho ndicho nilichojifunza, na ni kitu ambacho mama alinifundisha kabla sijajua kusoma. Jumapili nakuja Bashay, mama. Nitasimama nje nipige hodi kama mgeni. Usiwe na haraka ya kunifungulia.