Unga wa Muhogo Mikononi

Tulilisikia kabla ya kuliona. Gari la wilaya lilikuwa limetoboka bomba la moshi, na mngurumo wake ulianzia ng'ambo ya mto, ukapotea bondeni, ukaibuka tena mzito, kama mtu anayejaribu kusema huku kikohozi kimembana. Mama akatua sufuria chini. Yeye ndiye aliyekuwa muuguzi wa zahanati ya kijiji chetu, na mkunga, na mfagiaji pia, na mngurumo ule kwake ulikuwa na maana moja tu.

"Glavu zimekuja," akasema, akijifuta mikono kwenye kanga.

Hazikuwa zimekuja. Dereva alishusha mabango yaliyoviringishwa, boksi la fulana zenye maandishi kifuani, na kipaza sauti ambacho betri zake zingeletwa safari nyingine. Mama alichungulia ndani ya gari mpaka chini ya viti.

"Glavu ziko wapi?"

"Dada, mimi ni mtu wa usukani. Nilivyopakiwa ndivyo nilivyoshusha."

"Na wao walisemaje?"

"Fungu la vifaa limekwisha. Lililobaki ni la kuelimisha jamii. Kwa vifaa, wananchi wachangie. Si ndiyo mambo ya siku hizi?"

"Kwa hiyo nimzalishe mtu kwa bango?"

Dereva akacheka, kisha akaona anacheka peke yake. "Angalau karatasi yake ngumu," akasema kwa upole, akarudi kwenye usukani wake.

Ilikuwa miaka ile ya kufunguliwa kwa kila kitu. Wanunuzi binafsi wa pamba walifika na mizani zao hadi kwenye miji ya watu, na Bariadi mjini maduka yalijaa sabuni za rangi na redio zilizoimba mchana kutwa. Mama aliikumbuka foleni ya sukari na hakuitamani. Ila alikuwa akipita mbele ya maduka yale akiwa amekunja uso, kama mtu aliyeona ng'ombe wake kwenye zizi la jirani. Hata glavu ziliuzwa mle. Mwenye duka la dawa, mzee mmoja wa kanzu, alizifunga kwenye gazeti na kuzipitisha chini ya meza.

Ukimwi ulikuwa umetufikia kwa miguu ya watu tuliowapenda, vijana waliotoka Mwanza na machimboni wakirudi wembamba, suruali zimefungwa kwa kamba. Mwanzoni serikali ilishtuka, ikatoa. Mama aliitwa kwenye semina Shinyanga, akarudi na maboksi ya glavu na uso unaong'aa. Mabibi wa pale kijijini hawakuzitaka. "Mtoto hapokelewi na mpira," walimwambia. Akawabembeleza nyumba kwa nyumba, mpaka wakazoea. Walipozoea, glavu zikaanza kupungua.

Akawa anazifua, anazichemsha, anazianika kwenye kamba nyuma ya zahanati. Upepo wa kiangazi ulipoingia ndani yake vidole vilivimba vikatikisika, ungedhani kuna watu wasioonekana wanatupungia. Poda ya kuzilainisha ndani ilipokwisha, akatumia unga wa muhogo uliochekechwa vizuri. Zikachanika moja moja. Hapo mama akabaki akichagua nani amvalie glavu na nani amshike kwa mikono mitupu. Hakutuambia alichaguaje. Nadhani alitazama mashavu, akasikiliza kikohozi, akauliza mume anafanya kazi wapi.

Wanawake hawakuhitaji kuambiwa. Kabla pamba haijatoka shambani, kijiji kizima kilikuwa na sheria yake: aliyezalishwa kwa glavu ndiye mwenye ugonjwa, na kama mumewe anaumwa, basi yeye ndiye aliyemletea. Wajawazito wakaanza kumnong'oneza mama mlangoni, "Mayu, nishike kama mtu." Mayu ni mama kwa Kisukuma, na hata waliomzidi umri walimwita hivyo wakimwomba. Aliyenunua glavu zake mjini alikuwa amejihukumu kwa hela yake mwenyewe.

Siku chache baada ya lile gari, akaletwa mama mdogo, mdogo wake mama wa tumbo moja. Alikuwa ameolewa kijiji cha Shishiyu. Alikuja amelala kwenye mkokoteni wa maksai, uchungu umeshamwanza, na mama mkwe wake akitembea kando na kikapu kichwani. Mume hakuja. Alikuwa amerudi kutoka Mwanza, na sasa alikuwa amelala kwao, akikohoa.

"Mwadila, mayu," mama akamsalimu mkwe yule, akipiga goti.

"Mwadila." Macho ya bibi yalikuwa kwenye kamba, mahali ilipokuwa ikining'inia jozi ya mwisho. "Zile za nani?"

"Za kazi, mayu."

"Kazi ya nani?" Hakungoja jibu. "Mwanangu anaumwa, na watu wa kwetu wananiuliza alikoutoa. Nimekuja nione kwa macho yangu mkwe wangu anavyozaa. Nikirudi nitawajibu."

Mama mdogo alisikia yote. Tulipoingia ndani, nikiwa nimeshika beseni la maji ya moto, ndipo alipomvuta mama kanga.

"Dada, usivae."

"Nina jeraha." Mama akamwonyesha kidole gumba, alipojikata akimenya muhogo. Kisha akanionyesha mimi kwa kidevu. "Na nina hawa."

"Wakinirudisha nitakwenda wapi? Ng'ombe wa mahari yangu kaka keshawatoa kuwa mahari yake. Hawapo wa kurudisha, dada."

Mama akaligeukia dirisha. "Basi asione," akasema.

Mama mkwe hakuruhusiwa kuingia chumba cha kuzalia, lakini dirisha lake halikuwa na kioo wala pazia. Mama akachukua bango moja, akalipigilia misumari kwenye fremu, picha ikatazama nje. Ndivyo fedha ya serikali ilivyotufaa siku ile. Akanituma nizichukue glavu kwa mlango wa nyuma, nizifiche kwenye kanga, kisha nikae na bibi.

Tukakaa kwenye benchi, macho yetu kwenye bango. Lilimwonyesha mtu mwembamba amelala kitandani, na chini yake maneno makubwa mekundu.

"Huyu ni mtu wa wapi?" bibi akaniuliza.

"Sijui, bibi."

"Hana mama? Mbona wamemchora peke yake?"

Alilitazama bango lile mpaka jua likahamia miguuni mwetu, na midomo yake ilikuwa ikicheza bila sauti.

Mtoto akalia. Bibi akasimama haraka kuliko nilivyodhani angeweza, akatoa kikapuni kanga mpya, akaenda kusimama mlangoni. Kwao mjukuu hupokewa na bibi kutoka mikononi mwa mkunga, hapo hapo, kabla hajawekwa popote. Mama alikuwa ameshavua glavu, ameshazificha. Akafungua mlango akitabasamu, amembeba mtoto wa kike. Maji yote yalikuwa yameishia kumwogesha mtoto, na mikono ya mama ilikuwa myeupe kwa unga mpaka vifundoni.

Bibi alimpokea mtoto. Akaitazama ile mikono.

"Ulikuwa unasonga ugali?" akauliza polepole.

Mama angeweza kudanganya. Badala yake aliinua kidole gumba. "Nilivaa, mayu. Ni kwa ajili ya jeraha langu, si kwa ajili yake."

Bibi akakishika kidole kile, akakigeuza kwenye mwanga. "Nakuamini," akasema. "Lakini Shishiyu hawatakiona hiki kidole. Wataniuliza alivishwa au hakuvishwa, na huyu mjukuu yuko hapa anasikia, siwezi kumwanzishia maisha kwa uongo."

Akaingia ndani, akamlaza mtoto ubavuni mwa mama yake, akamfunika kwa ile kanga mpya na kuichomeka pande zote.

"Pumzika hapa kwenu," akamwambia mkwewe.

"Mayu," mama mdogo akaita.

Bibi alikuwa ameshachukua kikapu chake. Hakugeuka. Aliurudisha mlango nyuma yake taratibu, kwa mikono miwili, asije akamwamsha mtoto.