Kiti cha Mjomba

"Basi kwa nini usisimame wewe?"

Mwanangu, swali hilo niliulizwa mbele ya ukoo mzima, nyumbani kwetu Msambweni, miaka ya tisini ikielekea kwisha. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu karibuni, sijapata kazi. Nakuhadithia leo kwa sababu nimesikia wazee wamekufuata wewe, binti wa kaka yangu, wanakutaka ugombee, nawe umewaambia utafikiri. Fikiri. Lakini nisikilize kwanza.

Mjomba wangu, kaka wa mama, alikuwa mbunge. Babu yetu, baba yao, alikuwa chifu. Watu waliiita nyumba yetu "kwa wakubwa" hata siku ambazo chakula chetu kilikuwa muhogo na chai ya rangi. Mjomba akafariki akiwa bado bungeni, ukaitishwa uchaguzi mdogo, na arobaini ilipokwisha wazee wa ukoo wakakutana kuamua nani ashike kiti chake.

Wakagawanyika mara moja. Upande mmoja ulimtaka Athumani, mwana wa marehemu, kwa kuwa dini inamtambua mwana. Upande wa pili ukasema sisi ni Wadigo, na kwa desturi ya kale cha mjomba huenda kwa mpwa. Mpwa waliyemtaka ni Bakari, kaka yangu, huyo baba yako. Asubuhi nzima wakashindana, huyu akitaja aya, yule akitaja bibi wa bibi yake. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la kahawa. Chuoni nilizoea kuuliza kila kitu, hata mambo ambayo mwalimu mwenyewe alitaka yapite kimya kimya.

Nikashindwa kuvumilia. "Samahanini, wazee wangu. Kwani watu wa jimbo hili ni mbuzi, hata warithiwe?"

Mzee mmoja akauliza kama hayo ndiyo masomo ya Nairobi. Kabla sijamjibu, akasema Mama Mwanamisi, dada mkubwa wa marehemu, ambaye ni mama mkubwa wangu.

"Mwacheni. Maneno yake mazuri." Akanigeukia. "Basi kwa nini usisimame wewe? Athumani ni mwana, Bakari ni mpwa. Na wewe je? Marehemu hakuwa mjomba wako?"

Vijana waliokuwa uani wakacheka. "Mimi... mimi nasoma, mama," nikasema.

"Umekwisha maliza. Tumekula pilau ya sherehe yako."

Kicheko kikazidi. Nikatazama vikombe nilivyobeba kana kwamba ndiyo kwanza naviona. Nilidhani ananikejeli, ananionyesha kwamba binti mwenye mdomo ni wa kurudishwa jikoni. Mama Mwanamisi akaningoja. Alipoona sisemi neno, akapumua na kusema, "Haya. Asiyesimama awasindikize wanaosimama. Kesho hawa wawili waende Bongwe wakawasikie watu, nawe uende nao."

Kesho yake watu walijaa uwanja wa shule pale Bongwe. Walikuwapo wakulima, wanawake wenye maduka, vijana wa hoteli waliotoka bara, ambao wengi wao walikuwa wamesimamishwa kazi kwa kukosekana watalii, na wafugaji walioshuka kutoka upande wa ukame. Mfugaji mmoja, mzee wa Kiduruma, akauliza swali la kwanza: ng'ombe wake watakunywa wapi?

"Baba yangu aliwachimbia silanga, bwawa la kunyweshea mifugo," Athumani akaanza.

"Sikumuuliza baba yako. Mungu amrehemu, amelala. Nimekuuliza wewe."

Baba yako naye akaona nafasi yake. "Mjomba wangu alikuwa na mpango..."

"Huyu naye anatuletea mjomba!" kijana mmoja wa hoteli akapiga kelele. "Wasee, sisi wengine hapa hatujui babake wala mjombake. Tunataka job!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Nami nilicheka, nikiona jinsi swali langu la jana lilivyopata wenyewe. Athumani alikuwa amelowa jasho hadi mgongoni. Nikadhani atapanda gari aondoke. Badala yake akavua kofia, akaishika mkononi.

"Mzee, silanga lile linavuja," akasema. "Baba alijua, nami nilijua. Aliona aibu kurudi kwenu kuwaambia, na mimi nikaona aibu kumwambia yeye. Kazi na maji siwezi kuwaahidi leo. Ninachoweza kuwaahidi ni kwamba sitawaambia kitu kimekwisha na hakijaisha."

Hakuna aliyepiga makofi. Mzee wa Kiduruma akasema, "Sasa umekuja wewe. Kaa tuongee."

Wakaongea hadi adhana ya alasiri. Tulipokuwa tunarudi baba yako alijitoa mwenyewe, bila kinyongo. "Mimi ningemtetea mjomba mpaka jua litue," akasema, na wakacheka njia nzima, ndugu wawili. Athumani akashinda. Silanga lilizibwa, ingawa ilichukua muda. Kazi za vijana wa hoteli hazikurudi kama walivyotaka, naye hakuwaficha. Baadaye alishindwa, akarudi, akashindwa tena. Siku aliyoshindwa mara ya mwisho alinunua nguru mkubwa kule Shimoni, akatualika sote, na sikumbuki mlo uliokuwa na furaha kuliko ule. Mimi nilifundisha shule, nikaendelea kuuliza maswali, na maisha yangu nimeyapenda.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Ukisimama, usimtangulize babu, wala mjomba, wala baba yako. Jina lao litakufungulia mlango, lakini atakayeulizwa ndani ni wewe. Na ukiamua kutosimama, uamue kwa sababu kuna kazi nyingine unayoipenda, si kwa kuwa kuuliza ni rahisi kuliko kuulizwa. Mwenyezi Mungu akupe ulimi wa kweli na kifua kipana, akuzungushie watu watakaokuambia silanga linapovuja, na popote utakapokaa, kitini au mkekani, ukae kwa amani.

Limebaki neno moja. Mama Mwanamisi alipofariki, miaka mingi baadaye, nilikaa kwenye hitima yake karibu na mzee mmoja aliyekuwapo kwenye kikao kile. Akaniambia kwamba wiki moja kabla ya kikao, Mama Mwanamisi aliwazungukia wazee wote wa ukoo, nyumba kwa nyumba, akiwaomba kibali si cha kumsimamisha Athumani wala Bakari, bali mimi. Na wote walikuwa wamekubali.

"Sharti letu lilikuwa moja tu," akasema yule mzee. "Useme mwenyewe kwamba utasimama. Tulibishana asubuhi nzima tukikungoja wewe."